Jibu: Mkulima wa Kiquaker aliyezikwa kabla ya kusaini wosia

Habari za leo ndugu. Umekwama hivi: babu wa ukoo wa mkeo, mkulima wa Pennsylvania, Marekani, kitabu cha Waquaker (dhehebu la Kikristo) kinasema alizikwa siku ya 9 mwezi wa 2, 1701, na wosia kausaini Machi 30, 1701. Maiti haisaini, ukafikiri ni watu wawili.

Kabla hujagawa mtu, angalia kalenda. Waquaker hawakuita miezi kwa majina, waliona ni ya miungu ya kipagani, wakatumia namba. Kabla ya 1752 mwezi wa kwanza kwao ulikuwa Machi. Kwa hiyo mwezi wa 2 ni Aprili. Kasaini Machi 30, kazikwa Aprili 9. Siku kumi tu, huenda alisaini akiwa kitandani.

Ukikuta mwaka umeandikwa 1701/2 (yaani 1701 kwa hesabu ya zamani, 1702 kwa hesabu ya sasa), usifute kitu. Nakili ulivyo. Mimi niliwahi "kusahihisha" miezi yote ya 11 kuwa Novemba, kumbe ni Januari; jioni nzima ikapotea.

Ubatizo usiutafute, hawabatizi kwa maji. Tafuta cheti cha kuhama, ambacho mkutano (yaani ushirika wa Waquaker wa mahali) wa Uingereza ulimpa msafiri aupelekee mkutano mpya. Na cheti cha ndoa: waliohudhuria walisaini, wakwe na majirani humo humo. Kumbukumbu nyingi za Pennsylvania ziko vyuo vya Swarthmore na Haverford. Omba pia daftari la mkutano wa wanawake, watu hulisahau.

Kitabu na wosia wenyewe sijaviona, kwa hiyo hakikisha kwanza kijiji na jina la mke vinalingana kwenye vyote viwili.