Barua kwa mwanangu: viti visivyo na mikono

Lubumbashi, Katuba

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma kwenye baraza kabla hata sijavua kitenge cha kwaya. Unauliza kama watu wa kwetu watakaa kusikiliza violoni mbili, alto moja (ile violoni kubwa kidogo, yenye sauti nzito zaidi) na selo moja (ile kubwa inayoshikwa kati ya magoti), bila mwimbaji, bila ngoma. Na chini kabisa, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani, unauliza kama ni wazimu kuacha kiti chako kwenye orkestra ya Kinshasa urudi huku kuunda kwarteti na wenzako watatu, mpige mitaani badala ya hotelini.

Kukaa watakaa, mwanangu. Wafuateni pale ambapo wamekwisha kukaa. Mtu akifiwa hapa, lupango, yaani uwanja wa nyumba, hujaa viti usiku kucha. Kwaya huimba mpaka koo zikauke, wahubiri huhubiri, halafu inafika ile saa tisa ya usiku ambapo moto umebaki makaa, wafiwa wako macho, na hakuna aliyebaki na neno. Nimeshinda kwenye vilio vingi, na saa hiyo sijaona mtu anayeijaza vizuri. Ijazeni ninyi. Pigeni sehemu moja ya polepole, dakika sita au saba, kisha nyamazeni. Ile hofu yako kwamba watu hawatajua wapige makofi wakati gani haina mahali hapo, maana kwenye kilio hakuna makofi. Na msidai hata faranga moja.

Kuna mtu atakuja na bafle, yaani spika, na maikrofoni akitaka kuwasaidia. Mshukuruni, abaki nazo. Wewe ndiye uliyenieleza kwamba unaitwa muziki wa chumba kwa sababu ni wa chumba. Tena chagueni majira. Ninapoandika, mvua inapiga mabati na redio siisikii. Vyombo vyenu vinne vingefanya nini? Anzeni mwezi wa tano, mvua ikishakatika.

Lakini kiangazi chetu ndicho kinachopasua mbao, hilo hujasahau. Ulikuwa na miaka 13 violoni yako ilipopasuka tumboni mwezi wa saba, na baba yako, Mungu amrehemu, akaichukua kama anavyochukua meza. Aliijaza gundi nyeupe ya seremala. Akaona kile kijiti cha ndani kimeanguka, kile ambacho Wafaransa wanakiita roho ya violoni, akakigundisha nacho, akajivunia wiki nzima. Miaka baadaye fundi aliyeifungua ndiye aliyekueleza kwamba kijiti hakigundishwi kamwe, kinashikwa na mkazo wa nyuzi peke yake, na kwamba gundi yao ni ya ngozi, inayokubali kuachia ili kazi irudiwe. Ile nyeupe haikubali. Kwa hiyo kabla ya kutafuta ukumbi, tafuteni nani kati yenu atajifunza kutengeneza. Na kila kisanduku kitiwe kitambaa chenye unyevu kidogo tangu mwezi wa tano, ndani ya kibati chenye matundu, kisiguse mbao.

Umenisifia wale wa Providence, Marekani: Sebastian Ruth alivyoanzisha Community MusicWorks mwaka 1997, kwarteti ikahamia mtaani, watoto wakafundishwa bure. Unasifu upendo wao. Mimi nimesoma mara mbili na kilichonikaa ni kwamba walikuwa na mshahara. Kuna watu walikaa chini wakatafuta wafadhili ili wapigaji wanne wale kila mwezi kama walimu. Ninyi mfadhili hamna, msijidanganye kwamba upendo utalipa teksi-basi, hasa mpiga selo, ambaye atalipia nafasi mbili kila safari kana kwamba amembeba shemeji.

Kwaya yetu nimekuwa mtunza pesa wake miaka 11. Haikuwahi kugombana kwa ajili ya wimbo. Iligawanyika kwa bahasha moja ya arusi, ambayo mmoja aliipokea mlangoni akaifungua nyumbani kwake. Kwa hiyo sikiliza mtu wa likelemba, yaani wa mchango wa kupeana zamu: bahasha ifunguliwe mbele ya wote wanne, iandikwe kwenye daftari, igawanywe mafungu matano. Manne ya watu, la tano la nyuzi. Mna nyuzi 16 zinazochakaa zote, na uzi wa selo si bei ya kitunguu. Hata Wakimbangu, wale wa kanisa la Kimbangu kule Kinshasa, Armand Diangienda alipoanzisha orkestra yao 1994, waligeuza waya wa breki ya baiskeli kuwa uzi. Nawaheshimu sana kwa hilo, lakini fungu la tano ni rahisi zaidi. Kwenye arusi mtakwenda, na mtatoza vizuri, maana arusi ndiyo italisha vilio.

Sasa jambo lililoniudhi. Umeandika kwamba watatu wote mmetoka kwenye violoni na hakuna anayetaka kushika alto. Mimi kwenye kwaya nimeimba sauti ya alto miaka 30! Najua ni nini kukaa katikati, juu wanapewa sifa, chini wanapewa nguvu, na wewe unapewa noti tatu. Siku usipokuja ndipo kila mtu anauliza mbona leo wimbo uko uchi. Mozart, mtunzi yule mkubwa, alipokaa na mtunzi mwenzake Haydn kupiga kwarteti Vienna mwaka 1784, alichukua alto. Kama mmeshindwa kukubaliana, ishike wewe. Ufunguo wa do, ile alama inayoandikwa mwanzoni mwa noti za alto, utausoma ndani ya mwezi mmoja, vidole ni vile vile ila vimetanuka.

Na huyo Haydn, ile hadithi uliyonisimulia ulipokuwa INA, chuo cha sanaa cha Kinshasa, bado ninaipenda. Baroni Fürnberg wa Austria, miaka ya 1750, alikuwa na watu wanne tu karibu naye wanaojua kupiga: paroko wake, msimamizi wa mali yake, Haydn kijana, na ndugu mmoja wa selo aitwaye Albrechtsberger. Akamwomba Haydn awaandikie kitu wanachoweza. Mpaka anakufa 1809, Haydn aliacha kwarteti 68. Wewe unaponiambia ni muziki wa mabwana wenye mawigi, mimi naona paroko na msimamizi wa mashamba wamemaliza kazi jioni wanatafuta viti.

Pigeni basi Haydn bila aibu, ila usiku wa kwanza msianze naye. Joseph Kiwele, mtunzi wetu wa Katanga aliyefariki 1961, alituachia nyimbo za kwaya za sauti nne ambazo wazee wa hapa wanazijua. Soprano iende violoni ya kwanza, alto ya pili, tenori kwenye alto, besi kwenye selo. Violoni haishuki chini ya ile sol yake, noti yake ya chini kabisa, na sisi waimbaji wa alto wenyewe ni nadra kushuka chini yake. Nimekunakilia misa nzima kwa mkono. Halafu kuna gitaa la Mwenda wa Bayeke, kijana wa Bunkeya ambaye Hugh Tracey, yule mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo. Vidole viwili, na ungedhani ni wapigaji watatu. Wekeni pinde chini mlidonoe nyuzini. Mzee akitambua kidole gumba cha Mwenda kwenye selo, utaweza kumpigia chochote baada ya hapo.

Kuhusu kurudi. Usiandike barua ya kuacha. Omba ruhusa ya miezi mitatu, wa tano hadi wa saba, na tarehe ya mwisho ijulikane na wote wanne tangu siku ya kwanza, ili anayetaka kuondoka aondoke bila ugomvi. Chumba cha nyuma kipo. Mazoezi asubuhi, maana jioni baa ya jirani inafungua.

Viti vimenisumbua. Vya plastiki tunavyokodi vyote vina mikono, na nilipojifanya napiga selo kwa fimbo ya ufagio, kiwiko kilikwama. Wajukuu walicheka hadi machozi. Nimepata vitatu vya mbao visivyo na mikono parokiani. Cha nne ni kile cha baba yako. Mguu wake wa nyuma aliuunga mwenyewe kwa gundi ile ile nyeupe, na kwa kiti, mwanangu, ni gundi nzuri.

Mama yako