Picha za Kihindi za kutazama na mkweo

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Sisi wazima, baba yako goti linamsumbua kidogo ila msikitini anafika. Umeniuliza: mkweo amekuja kukaa nanyi, anapenda picha za Kihindi lakini anazozijua ni za enzi za Amitabh, umwekee zipi za miaka hii ambazo hamtakaa sebuleni mkikwepana macho?

Anza na Laapataa Ladies ya Kiran Rao, iliyotoka kwenye majumba ya sinema mwaka 2024. Kisa ni cha vijijini, mwaka 2001. Mabibi harusi kadhaa wamo kwenye behewa moja, wamejifunika ushungi mwekundu hadi chini ya kidevu. Usiku bwana harusi mmoja, Deepak, anashuka na mke asiye wake. Akienda polisi kumtafuta mkewe, picha aliyo nayo ni ya bibi harusi na ushungi wake vilevile, uso hauonekani hata kidogo! Hapo mtacheka. Lakini mwangalieni sana Phool, binti aliyepotea stesheni. Hajui jina la kijiji cha mumewe, na kumtaja mumewe kwa jina lake anaona haya. Anapokewa na Manju Mai, mama mkali mwenye kibanda cha chai anayeishi peke yake, anayemtia kazini na kumpa ujira mkononi. Mkweo ameuza chai na vitumbua miaka chungu nzima kuwasomesha kina mumeo. Hutahitaji kumweleza Manju Mai ni mtu wa namna gani. Mwache atazame tu, na akitaka kusema kitu, simamisha picha umsikilize.

Ya pili iwe 12th Fail ya Vidhu Vinod Chopra, ya mwaka 2023. Inatokana na maisha ya kweli ya Manoj Kumar Sharma, kijana wa bonde la Chambal, katikati ya India, aliyefeli darasa la kumi na mbili, akaenda Delhi kupigania mtihani wa utumishi wa serikali, mpaka akawa afisa wa polisi. Vikrant Massey ndiye stelingi. Hapigi mtu ngumi ukutani. Anafanya kazi kwenye mashine ya kusaga unga na kusoma anakopatia nafasi. Mwite na mdogo wa mumeo anayerudia mtihani, akae nanyi. Usimwambie kwa nini umemwita.

Sasa, mwanangu, usiishie kwenye za Kihindi chenyewe. Nyingi zilizonigusa miaka hii zinatoka kusini mwa India. Meiyazhagan ya mwaka 2024, ya Kitamili, nimeipenda mno. Mwanamume aliyehama mji wa Thanjavur baada ya ukoo kugombana na wao kupoteza nyumba anarudi kwa harusi, na ndugu mmoja mchangamfu anamng'ang'ania, anamlisha, anampeleka kulala kwake, naye hamkumbuki jina na anaona haya kumuuliza! Hakuna adui, hakuna vita, ni mazungumzo ya usiku kucha. Ni ndefu, kwa hiyo pikeni mapema. Maneno yanayoandikwa chini mkweo hatayawahi, basi kaa ubavuni mwake umtafsirie, hata kwa kifupi.

All We Imagine as Light ya Payal Kapadia itazame na mumeo, mkweo akishalala, maana ina mambo ya chumbani. Ilipata Grand Prix, tuzo ya pili kwa ukubwa, kwenye tamasha la filamu la Cannes huko Ufaransa mwaka 2024. Prabha ni muuguzi Mumbai, mumewe yuko Ujerumani na hapigi simu tena. Siku moja inaletwa sufuria nyekundu ya umeme ya kupikia wali, bila barua. Usiku Prabha anakaa sakafuni na kuikumbatia. Wewe uliyekaa miaka miwili mumeo akiwa Muscat, nadhani utaielewa kuliko mimi.

Animal ya mwaka 2023 watu wataisifia sana mbele yako. Mkweo usimwekee, damu imezidi.

Akishaona Laapataa Ladies nipigie jioni hiyohiyo, umpe na simu mwenyewe. Nataka kusikia amesema nini juu ya yule polisi mtafuna tambuu.

Mama yako