Mdogo wangu, hicho kidonge cha fangasi usikiweke kabla hujapima

Kirudishe kwenye boksi kwanza. Umeandika muwasho kidogo, uchafu mwepesi wa kijivu, shombo ya samaki inayozidi ukishakutana na mumeo. Muuza dawa kakupa vidonge vya kuweka ukeni, na sasa unauliza kama uongeze na cha kumeza. Uongeze nini? Fangasi hanuki samaki! Hayo maelezo yako nimeishi nayo miezi minne.

Nilianza hivyohivyo. Klotrimazoli, hivyohivyo vidonge vya fangasi vya kuweka, usiku sita, nalala juu ya kanga chakavu maana asubuhi kinatoka chote kama chaki iliyolowa. Siku ya saba shombo iko palepale. Nikarudi dukani, yule kijana hata macho hajatoa kwenye simu: "Dada, hiyo fangasi sugu." Flukonazoli, ya fangasi ya kumeza. Wiki iliyofuata, nyingine. Mara ya tatu ugonjwa ukabadilishwa jina, ikawa "UTI sugu", yaani maambukizi ya njia ya mkojo, nikafungashiwa antibayotiki mbili, sipro na doksi. Mkojo wangu hakuna aliyeuona, swali hata moja sikuulizwa, ila bei alikuwa nayo kichwani.

Sasa sikia. Fangasi sikuwa nao, nikawapata. Antibayotiki zilifagia hadi bakteria walinzi wa huko chini, fangasi wakaingia kama wapangaji: uchafu mweupe mzito kama mtindi uliokatika, muwasho wa kunifanya nitembee kama bata. Ofisini nikasema nimeteguka nyonga. Yaani ugonjwa niliununua kwa hela yangu, tena bila risiti. Na shombo bado ipo! Nikaanza kujiswafi ndani kwa sabuni, nikazidisha. Usinicheke, nina diploma mimi.

Aliyeniokoa ni nesi wa kituo cha afya. Akachukua swabu ukeni, kijiti chenye pamba, hakiumi, wakaangalia kwenye darubini, majibu nikayapata nikiwa bado kwenye benchi. Bakteria wabaya waliozidi, ndio wenye shombo, na fangasi juu yake. Metronidazoli, dawa ya hao bakteria, asubuhi na jioni siku saba, mdomo mchungu kama umemumunya sarafu, pamoja na vidonge vya fangasi, safari hii vikiwa na kazi ya kufanya. Shombo ikakata ndani ya wiki. Miezi minne, wiki moja!

Kwa hiyo swabu kwanza, dawa baadaye. Swabu ya ukeni, sio mkojo, wakikupa kikopo waambie umekuja kwa uchafu. Tena inaweza kuwa trikomona, kimelea cha zinaa, hiyo na mumeo anameza dawa, la sivyo anakurudishia. Kama una mimba au hujaona siku zako, sema hapohapo kabla hujaandikiwa.

Uliuliza na habari ya kujitibu kwa mtindi na nini kingine sijui, mtindi mimi nakula na ugali. Wewe leo usiweke kitu, usijiswafi, na mumeo alale zake, ili kesho swabu isikute klotrimazoli tupu. Wahi asubuhi, foleni ya maabara ikishafika mlangoni utakata tamaa urudi kwa yule wa dukani.