Maswali ya Wasomaji: Plagini Ndogo za WordPress

Barua za safari hii zimetoka Bagamoyo na Tanga, na karibu zote zinauliza juu ya kuandika plagini (kipande cha programu kinachoongezea tovuti kazi mpya) ya WordPress kwa mkono wako mwenyewe. Tumejibu tukidhani msomaji anaijua PHP kidogo na tovuti yake iko kwenye seva anayoilipia, kwa sababu blogu ya bure ya WordPress.com haipokei plagini ya kujiandikia.

Nina nyumba ya wageni Bagamoyo, na blogu yake naiandika kwa Kiswahili. Ratiba za chai, matembezi ya Kaole na safari za mashua nazitoa kwenye jedwali lililoandikwa 14:30, 06:00 na kadhalika. Nataka niandike hivyo hivyo, ila msomaji aone "saa 8:30 mchana". Kijana mmoja kaniambia nibandike msimbo kwenye functions.php ya themu (mafaili ya sura ya tovuti). Nifanye hivyo? (Mwenye nyumba ya wageni, Bagamoyo)

Usifanye. Utafanya kazi mpaka siku themu itakapopata toleo jipya. Faili lile litaandikwa upya na msimbo wako utapotea nalo. Plagini ina folda yake, na themu ikibadilika haiguswi.

Ndani ya wp-content/plugins fungua folda iitwayo bgm-saa, na ndani yake faili bgm-saa.php lenye haya:

```
<?php
/*
Plugin Name: Saa ya Kwetu
Version: 1.0
*/

if ( ! defined( 'ABSPATH' ) ) {
    exit;
}

function bgm_saa( $sifa ) {
    $sifa = shortcode_atts( array( 'muda' => '' ), $sifa );
    if ( ! preg_match( '/^([01]?\d|2[0-3]):([0-5]\d)$/', $sifa['muda'], $m ) ) {
        return '';
    }
    $h   = (int) $m[1];
    $saa = ( $h + 6 ) % 12;
    if ( $saa === 0 ) {
        $saa = 12;
    }
    if ( $h < 4 || $h >= 19 ) {
        $kipindi = 'usiku';
    } elseif ( $h < 6 ) {
        $kipindi = 'alfajiri';
    } elseif ( $h < 12 ) {
        $kipindi = 'asubuhi';
    } elseif ( $h < 16 ) {
        $kipindi = 'mchana';
    } else {
        $kipindi = 'jioni';
    }
    $dakika = ( $m[2] === '00' ) ? '' : ':' . $m[2];
    return 'saa ' . $saa . $dakika . ' ' . $kipindi;
}
add_shortcode( 'bgm_saa', 'bgm_saa' );
```

Iwashe kwenye ukurasa wa Plagini. Kisha ndani ya makala andika shotikodi, yaani neno la mabano ambalo WordPress hulibadilisha kwa jibu la plagini: [bgm_saa muda="14:30"].

Hesabu yenyewe ni kuongeza 6, kugawa kwa 12 na kuchukua baki. 18:00 inakuwa 24, baki 0, ndiyo saa 12 jioni. Wengi hupendelea kutoa 6, na mchana kutwa hawaoni kasoro. Lakini ikifika 05:00 PHP inawapa -1, na hakuna mgeni atakayeamka saa hiyo. Mipaka ya vipindi ibadilishe upendavyo. Kama kwenu saa 10 ni alasiri na si jioni, ongeza tawi moja.

Sasa yanayoharibika. La kwanza ni return. Ukiweka echo mahali pake, saa itachapishwa juu kabisa ya makala badala ya pale ulipoiandika, kwa sababu WordPress hukusanya majibu ya shotikodi kwanza na kuyapachika baadaye, na echo haisubiri kukusanywa. La pili ni alama za nukuu. Msimbo ukipitia WhatsApp au Word, nukuu zilizonyooka zinaweza kugeuka zilizopinda, na PHP haizitambui. La tatu linawasumbua hata wazoefu: plagini inawaka, lakini linatokea onyo kwamba imetoa herufi 3 zisizotarajiwa. Herufi hizo huzioni kwenye skrini. Ni alama ya BOM, baiti 3 ambazo baadhi ya vihariri huziweka mwanzoni mwa faili. Hifadhi upya kwa UTF-8 isiyo na BOM. Onyo likitaja herufi 1 au 2, tafuta nafasi au mstari mtupu kabla ya <?php. Na mwishoni mwa faili usiweke ?> kabisa, haihitajiki, na nafasi ikibaki nyuma yake inaleta onyo lile lile.

Ukija kutaka kuonyesha saa ya wakati huu, tumia wp_date( 'G:i' ) na si date() ya PHP. WordPress huiweka PHP kwenye saa za UTC (saa za kimataifa), kwa hiyo date() itakuwa nyuma ya Bagamoyo kwa saa 3. Kwenye Mipangilio chagua Dar es Salaam kuwa ukanda wa saa. Tena, kama unatumia plagini inayohifadhi nakala za kurasa, saa itaganda pale nakala ilipotengenezwa. Hapo kazi hiyo iachie JavaScript kwenye simu ya msomaji.

Nimewasha plagini niliyoandika, tovuti nzima ikawa nyeupe. Hata dashibodi siingii. Nimepoteza kila kitu? (Mwanafunzi, Chumbageni, Tanga)

Makala zako ziko salama, zimo kwenye hifadhidata. Ingia kwenye kidhibiti faili cha seva au kwa FTP (njia ya kuhamisha mafaili kwenda kwenye seva), nenda wp-content/plugins, ubadilishe jina la folda ya plagini, mathalani uongeze -zima mwishoni. WordPress ikiikosa itaizima, na utaingia kama kawaida. Tangu toleo 5.2 la mwaka 2019 WordPress pia humtumia msimamizi barua pepe yenye kiungo cha kuingilia wakati wa hitilafu. Angalia kwenye folda ya barua taka. Ila usiitegemee sana, maana barua nyingi za seva za bei nafuu hazifiki.

Kujua kilichovunjika, fungua wp-config.php na uweke mistari hii juu ya ule unaosema usihariri zaidi ya hapo (kama WP_DEBUG ipo tayari, ibadilishe badala ya kuiongeza mara ya pili):

```
define( 'WP_DEBUG', true );
define( 'WP_DEBUG_LOG', true );
define( 'WP_DEBUG_DISPLAY', false );
```

Rudisha jina la folda, iwashe tena, kisha soma wp-content/debug.log. Utaona jina la faili na namba ya mstari. Mara nyingi kosa liko mstari mmoja juu ya uliotajwa, kwa kuwa nukta-mkato iliyosahaulika huonekana PHP inapofika mstari unaofuata. Ukiona lalamiko kwamba fankisheni imetangazwa mara mbili, umeiita jina la kawaida kama onyesha_saa na plagini nyingine imekutangulia. Ndiyo maana hapo juu kila jina limeanza na bgm_. Ukimaliza, zima hiyo mistari na ufute debug.log, kwani kwenye seva nyingi yeyote anayejua anwani yake anaweza kuisoma.

Na ufanyie mazoezi kwenye kompyuta yako kwa XAMPP, programu inayoigeuza kompyuta kuwa seva. Haili bando, na ukurasa ukiwa mweupe unauona peke yako.

Nimeweka kitufe cha WhatsApp kwenye blogu ya duka letu la Ngamiani kwa kutumia wp_footer. Kwenye themu moja kinaonekana, nyingine hakionekani. Kinapoonekana, namba haifunguki. (Muuza vitenge, Tanga)

Ni makosa mawili yaliyokutana. Kitufe hudandia pale themu inapoita wp_footer(), kwa kawaida kabla ya </body>. Themu iliyoandikwa ovyo haiiti, na hapo hakuna plagini ya kukusaidia. Ongeza mwito huo au badilisha themu.

Namba je? Anwani za wa.me zinataka namba ya kimataifa, bila + wala sifuri ya mbele wala nafasi. Mteja wako amezoea 07, kwa hiyo plagini ndiyo igeuze:

```
$n = preg_replace( '/\D/', '', $n );
$n = preg_replace( '/^0/', '255', $n );
```

Kama namba inaandikwa kwenye ukurasa wa mipangilio, isajili kwa register_setting na uweke settings_fields ndani ya fomu. Hiyo hutoa alama ya siri inayozuia tovuti nyingine kuituma fomu kwa jina lako. Ujumbe wa kuanzia maongezi upitishe kwenye rawurlencode, na anwani nzima kwenye esc_url pale unapoichapisha, si kabla.

Plagini yangu huchukua nyakati za maji kujaa na kupwa kutoka tovuti nyingine. Blogu imekuwa nzito mno. Je, nihesabu mwenyewe, maana maji husogea kama dakika 50 kila siku? (Mwongoza wageni, Bagamoyo)

Dakika 50 ni wastani tu. Wakati wa bamvua na wakati wa maji mafu mwendo haulingani, na ukijumlisha wastani huo kwa wiki moja unaweza kumpeleka mgeni ufukweni maji yakiwa yameshaanza kujaa. Endelea kuchukua jedwali, lakini usilichukue kila ukurasa unapofunguliwa. Lihifadhi kwenye transient, hifadhi ya muda ya WordPress:

```
$d = get_transient( 'bgm_maji' );
if ( $d === false ) {
    $r = wp_remote_get( $anwani );
    if ( ! is_wp_error( $r ) && wp_remote_retrieve_response_code( $r ) === 200 ) {
        $d = wp_remote_retrieve_body( $r );
        set_transient( 'bgm_maji', $d, 12 * HOUR_IN_SECONDS );
        update_option( 'bgm_maji_mwisho', $d, false );
    } else {
        $d = get_option( 'bgm_maji_mwisho', '' );
        set_transient( 'bgm_maji', $d, 10 * MINUTE_IN_SECONDS );
    }
}
```

Tawi la else ndilo husahauliwa. wp_remote_get husubiri sekunde 5 kabla ya kukata tamaa. Tovuti ya mbali ikizimika na hukuhifadhi chochote, kila msomaji atasubiri sekunde hizo 5. Hapa tunaonyesha jedwali la mwisho lililopatikana na kujaribu tena baada ya dakika 10. Andika pia tarehe ya jedwali karibu yake, ili mgeni asisome maji ya juzi. Usihifadhi false, kwani ndilo jibu la get_transient pale hifadhi inapokuwa tupu.

Kuna watakaokushauri uchukue data usiku kwa wp-cron, kipanga kazi cha WordPress. Fahamu kwamba kwa kawaida wp-cron huamka pale mtu anapofungua tovuti. Blogu isiyo na wasomaji usiku, kazi ya saa 9 usiku itafanyika anapokuja mtu wa kwanza asubuhi.

Natumia dbDelta, fankisheni ya WordPress ya kutengeneza majedwali ya hifadhidata, lakini jedwali halitengenezwi, wala sioni kosa. (Fundi wa tovuti, Raskazone)

Weka nafasi mbili kati ya maneno PRIMARY KEY na mabano yanayofuata, na kila safu ikae kwenye mstari wake. Kagua pia kama ume-require faili wp-admin/includes/upgrade.php. Na kama jedwali ulilibadilisha kwenye toleo jipya la plagini, kumbuka register_activation_hook hufanya kazi plagini inapowashwa tu, haiiti chochote wakati wa kusasisha. Hifadhi namba ya toleo kwa update_option, uilinganishe kwenye plugins_loaded (pale plagini zote zinapokwisha kupakiwa), na dbDelta uiite pale tu namba zinapotofautiana.