Jibu: Ruaha Mkuu ni upi, na kwa nini hukauka?

Dada, umeuliza kama mto unaopita Ipogolo, Iringa, ndio Ruaha Mkuu, na kwa nini watu husema unakauka ilhali Mbeya mvua hunyesha nyingi.

Wa Ipogolo ni Ruaha Mdogo. Mkuu hukusanya maji yake milima ya Uporoto na Kipengere, ukashuka bonde la Usangu kule Mbarali, mkoani Mbeya, ukatuama kwenye ardhi oevu ya Ihefu, kisha ukatokea Ng'iriama na kuingia Hifadhi ya Taifa Ruaha. Mdogo hujiunga nao kabla ya bwawa la Mtera. Ukipita Ruaha Mbuyuni, kwenye vitunguu, unaouona pale ni Mkuu. Huishia Rufiji.

Kukauka ni kweli, na inaniuma. Tangu 1993 mto hukatika ndani ya hifadhi karibu kila kiangazi, viboko wakabanana kwenye madimbwi machache. Ihefu ni kama beseni lenye ukingo wa mwamba pale Ng'iriama: maji yasipofikia usawa wa ule mwamba, hayatoki. Mifereji ya mashamba ikichota kiangazi chote, hayafiki. Simlaumu mkulima, mchele wa Mbarali tunaula wote. Ila mfereji ulioachwa wazi Septemba, na shambani hakuna mpunga, huo ufungwe.

Mitambo ya umeme ya Mtera (megawati 80) na Kidatu (megawati 204) hutumia maji ya mto huu huu.