Viongozi wapya wa skauti, kabla hamjawapa watoto filimbi someni hapa kwanza

Wengi mkianza kuwafundisha hawa wadogo kuita msaada wakipotea mnakimbilia moto na moshi, mara SOS (ile ishara ya kuomba kuokolewa) kwa tochi, kwa sababu ndo vinawafurahisha. Mi nawaambia anzeni na filimbi tu, tena ya plastiki isiyo na kile kigololi ndani, maana yenye kigololi ikiingia maji au mchanga inagoma. Filimbi inafika mbali kuliko sauti ya mtoto na haimkaushi koo. Ila msiwavalishe shingoni kwa kamba ngumu jamani, ikinasa kwenye tawi ni balaa, ifungeni kwenye mkanda wa begi pale mkono unapofika.

Mlio ni mara tatu, unanyamaza kama dakika moja unasikiliza, halafu tatu tena. Kuhesabu hakuwashindi, shida ni kwamba wakisikia tu kuna mtu anaitika wanaacha kupuliza wanaanza kukimbilia sauti, na sehemu za milima kama Lushoto sauti inagonga huku inarudia kule, mtoto anazidi kupotea. Kwa hiyo kitu cha kurudia hadi wachoke ni hiki: ukiona umepotea kaa hapo hapo kwenye mti mmoja, puliza mpaka mtu akufikie. Na waambieni wazi kwamba hawatachapwa wala kugombezwa, maana kuna watoto wanawasikia kabisa wanaowatafuta ila wanajificha, wanaogopa viboko au wanaogopa watu wasiowajua.

Siku ya mazoezi toeni taarifa mapema kwa majirani na walinzi wa msitu, na hakuna kupuliza sikioni mwa mwenzio. Zoezi likiisha tangazeni limeisha, kuanzia hapo ikilia tatu watu wazima mnaacha hata ugali mnaenda, hata kama mnahisi ni utani, aliyetania mtaongea naye baadaye taratibu.

Kioo cha kumulika kwa mwanga wa jua ili uonekane, wapeni wakubwa kidogo. Sidii (CD) ya zamani inatosha, haivunjiki ovyo kama kioo na lile tundu la katikati linasaidia kulenga, ila mtu asichungulie jua kupitia hapo, macho yataharibika. Kwenye mazoezi lengeni ukuta au shina la mti, sio dereva wala rubani wa ndege. Moto na moshi bakini navyo nyinyi wenyewe, hasa kiangazi, nyasi zikishika hapo mtahitaji kuokolewa wote.