Kinanda cha babu: anza na pumzi, ndimi zisubiri

Ukirithi kinanda cha kukanyaga, cha aina ile waliyokuja nayo wamisionari, mkono utakuwasha kuzigusa zile ndimi za shaba zinazotoa sauti. Usiziguse kwanza.

Chetu kilikuwa cha babu, mwalimu wa kwaya huku Usambara, na kilikaa stoo miaka mingi chini ya magunia. Nilipokifungua, noti nyingi zilikuwa bubu, na zilizobaki zilikoroma. Nikaamini ndimi zimechoka, nikakwangua tatu ili zilingane. Mivukuto, yaani mifuko ya hewa inayokanyagwa, ilipokuja kutengemaa, hizo tatu ndizo zikawa zinapishana na wenzake wote. Unaweza kusahihisha, ila kila sahihisho linakula shaba nyingine, na shaba iliyokwanguliwa hairudi.

Vingi vya vinanda hivi, kama vya Estey wa Marekani au Mannborg wa Leipzig, havipulizi, vinavuta. Ukikanyaga, mivukuto inanyonya hewa ya ndani, na hewa ya nje inaingia kwa kupitia kwenye ndimi. Pakiwa na tundu popote, hewa inapita hapo na ulimi unakosa. Kwa hiyo pima hivi: rudisha ndani stopu zote, vile vishikio vya kuvuta vinavyochagua sauti, kanyaga mpaka mvukuto mkubwa ujikunje, toa miguu, uhesabu polepole. Ukifunguka kabla hujafika kumi, kazi yako iko hapo. Ukishaung'oa, tia tochi ndani yake gizani, na nyufa zitajionyesha zenyewe.

Kitambaa cha zamani ni pamba iliyopakwa mpira, na kikizeeka hukatika kwenye mikunjo. Usibadilishe kwa turubai, ni gumu mno. Kitambaa unachotaka kuweka kibane mdomoni upulize kwa nguvu: hewa isipite, na bado kikunjike kama leso.

Kwenye gundi nakuomba sana. Tumia gundi ya ngozi, ile inayoyeyushwa kwenye kopo lililokaa ndani ya maji ya moto, joto la kama nyuzi 60, bila kuiacha ichemke. Chetu kiliwahi kupitia kwa fundi aliyepaka gamu ya viatu, na kuibandua kulinichukua wiki mbili, ikaondoka na nyuzi za mbao. Gundi ya ngozi mjukuu wako ataitoa kwa kitambaa cha maji moto.

Kabla ya kulegeza skrubu yoyote, piga picha. Chini ya vibao vya kupigia kuna vijiti, vyetu 61, na kila kimoja kimechongwa kwa urefu wa mahali pake. Toboa kadibodi matundu 61 uvichomeke kwa mpangilio. Mimi nilikuta namba za penseli za aliyekiunda, bado zinasomeka, na sikupitisha msasa juu yake.

Sasa ndimi. Chetu kina safu mbili, yaani 122. Spoki ya baiskeli iliyopindwa ncha na kusuguliwa kwa tupa inazivuta vizuri kutoka mahali pake. Noti bubu mara nyingi imezibwa na vumbi au bawa la mdudu tu. Pitisha brashi laini kutoka kwenye shina, pale ulimi uliposhikiliwa, kuelekea ncha, na usiinue ulimi kwa ukucha.

Kulinganisha sauti ni kazi ya mwisho kabisa. Kukwangua ncha kunapandisha sauti, kukwangua karibu na shina kunaishusha. Mkwaruzo mmoja au miwili, rudisha ulimi mahali pake, uuache upoe joto la vidole, ndipo usikilize. Programu ya simu ya kupimia sauti itakudai 440, yaani mitetemo kwa sekunde ya noti ya A. Usiitii upesi: vinanda vingi vya zamani vilifuata 435, kiwango kilichokubaliwa Vienna mwaka 1885. Angalia ndimi zilizo nyingi zimekaa wapi, chache zifuate hizo. Kwaya ikitaka kuimba na gitaa pamoja, gitaa ndilo lishushwe. Lenyewe lina nyuzi sita tu za kulegeza.